Wiki ya mwisho ya Agosti kijijini Eyam

Jumatano: kufika

Tuanze na jina, maana ndilo linalowakwamisha wageni hata kabla ya kupanda basi. Linaandikwa Eyam, linatamkwa Iim, irabu moja ndefu kisha midomo inafungwa. Ukimwambia dereva "E-ya-mu" atakutazama tu. Ni kijiji kilichojifungia wakati wa tauni mwaka 1666, nacho kiko mkoa wa Derbyshire, ndani ya Peak District, hifadhi ya taifa ya kwanza ya Uingereza, iliyotangazwa mwaka 1951. Msomaji anayetoka Arusha au Nairobi afute kwanza picha aliyonayo ya hifadhi: hapa hakuna geti la kulipia kiingilio, na ndani yake watu wanaishi, wanafuga kondoo na ng'ombe, wanapeleka watoto shule. Eyam yenyewe haifikishi wakazi elfu moja.

Kutoka uwanja wa ndege wa Manchester unapanda treni hadi kituo cha Piccadilly, hapo unabadilisha kwenda njia ya Hope Valley inayoelekea Sheffield. Kosa la kawaida linatokea hapa. Treni za haraka za njia hiyo hazisimami vituo vidogo. Ukipanda iliyo mbele yako bila kusoma ubao utapelekwa moja kwa moja Sheffield. Tafuta ile inayosimama kila mahali, ushuke Grindleford. Ukipitiliza, usirudi nyuma: kutoka Sheffield kuna basi la Buxton linalopita Grindleford na Eyam, na ukilidaka litakushusha katikati ya kijiji. Tangu Januari 2025 nauli ya juu ya safari moja kwa mabasi mengi ya England ni pauni 3. Tatizo lake ni uchache. Likikupita, la pili si la kungojea umesimama, na usiku hakuna.

Kituo cha Grindleford hakipo kijijini Grindleford. Kipo chini msituni, na kutoka hapo hadi Eyam ni kama kilomita tano za kupanda. Teksi hazipangi foleni nje. Inaitwa kwa simu mapema, na simu yenyewe hushika mtandao kwa taabu bondeni, kwa hiyo piga ungali Manchester. Chakula cha siku mbili za mwanzo nunua mjini pia, hasa kama unakula halali: duka la kijijini lina mkate, maziwa, mayai na biskuti, lakini usitegemee kukuta bucha ya halali.

Nyumba za kupanga ni za mawe, nyingi zina karne mbili au tatu. Milango ni mifupi, boriti za dari ziko usawa wa paji la uso la mtu mrefu, ngazi ni nyembamba na zina mwinuko mkali. Sanduku kubwa halipandi. Beba begi la mgongoni. Soketi za umeme ni zile zile za pini tatu za mraba zinazotumika Kenya, Tanzania na Uganda, hivyo chaja haihitaji adapta. Anayetoka Kongo au Burundi aje nayo. Bafuni usitafute swichi ukutani: taa inawashwa kwa kuvuta kamba inayoning'inia darini, na bafu la umeme mara nyingi lina kamba yake ya pili yenye taa nyekundu juu. Ukioga maji baridi, kamba hiyo haijavutwa. Kwenye sinki, bomba la moto na la baridi yako mbalimbali. Watu hapa huziba shimo na kuchanganya maji ndani ya beseni.

Usiku wa Agosti hubana, nyuzi 10 hadi 12 hivi, na vyuma vya kupashia joto huendeshwa na saa ya mwenye nyumba, si ya mgeni. Kama kuna jiko la kuni sebuleni, fungua matundu yote ya hewa kabla ya kuwasha, weka vijiti vyembamba vikavu, acha moto ushike dakika 10 au 15, ndipo uweke gogo na upunguze hewa. Moshi ukirudi ndani, sababu huwa moja kati ya mbili: kuni mbichi, au bomba la moshi bado ni baridi na hewa yake inashuka badala ya kupanda. Karatasi moja ikiwashwa juu kabisa ya jiko, karibu na bomba, hutosha kuligeuza.

Tofauti ya saa na Afrika Mashariki ni saa mbili kipindi hiki, saa tatu majira ya baridi. Mwishoni mwa Agosti jua linachomoza karibu saa kumi na mbili asubuhi kama nyumbani, lakini linazama saa mbili usiku na dakika kadhaa. Anayeswali ajipange kwa hilo, na abadilishe pia mwelekeo: aliyezoea kuelekea kaskazini akiwa Zanzibar au Mombasa, hapa kibla iko kusini-mashariki, takriban nyuzi 118 kwenye dira. Misikiti ya karibu iko Sheffield.

Alhamisi: mtaa mmoja na mwaka 1665

Eyam imejipanga kando ya barabara moja ndefu inayopanda taratibu kuelekea magharibi. Mtu anaweza kuitembea yote kwa dakika 20, na wanaokuja kwa basi la watalii hufanya hivyo. Kuitembea kwa dakika 20 ni kuipita tu.

Salamu hapa ni fupi. Mtu unayepishana naye atasema neno moja, au atasema "Ey up, duck". Neno hilo la mwisho maana yake bata, na ni la upendo. Mama muuza duka humwita hivyo mtoto, mzee na mgeni. Usitegemee kuulizwa habari za nyumbani, za watoto, za safari. Kinachofuata salamu ni hali ya hewa, na usidhani ni maneno matupu: ndiyo njia ya kumpa mwenzako nafasi ya kuendelea kuzungumza au kupita. Jibu kwa hali ya hewa, ungoje. Asiyejibu kabisa ndiye anayeonekana hana adabu.

Kando ya kanisa kuna nyumba zilizo na vibao vya kijani mbele, vikiorodhesha majina ya waliofia humo. Habari yenyewe ni hii. Karibu na mwisho wa Agosti 1665 bunda la nguo lilifika kutoka London, ambako tauni ilikuwa inaua, likapelekwa kwa mshonaji Alexander Hadfield. Msaidizi wake, George Viccars, alikuta nguo zina unyevu, akazitandaza mbele ya moto zikauke. Simulizi la kijiji linasema viroboto walikuwa ndani ya nguo hizo. Viccars alizikwa tarehe 7 Septemba. Kufikia Novemba 1666, alipokufa wa mwisho, kumbukumbu zinataja wafu 260. Watafiti wa siku hizi waliochambua tarehe za vifo, nyumba kwa nyumba, wanaona kwamba baada ya kuingia kijijini ugonjwa ulienea sana kutoka mtu kwa mtu, hasa ndani ya familia, si kwa panya na viroboto peke yao.

Kinachoitofautisha Eyam na mamia ya vijiji vilivyopigwa na tauni ni uamuzi wa Juni 1666. Kasisi William Mompesson alikuwa kijana na mgeni kijijini. Mtangulizi wake, Thomas Stanley, alikuwa ameondolewa kazini kwa msimamo wake wa kidini, na watu wengi walikuwa bado upande wake. Mompesson akaona bila Stanley hatasikilizwa. Wawili hao, wasiopatana kwa imani, wakasimama pamoja mbele ya watu. Walikubaliana mambo matatu: kila familia ichimbe kaburi na kuzika wafu wake karibu na nyumba badala ya kuwapeleka makaburi ya kanisa, ibada zihamie nje, kwenye bonde la Cucklet, kila familia ikisimama mbali na nyingine, na asiwepo wa kutoka kijijini wala kuingia. Chakula kililetwa mpaka mipakani, kingine kwa msaada wa mwenye jumba la Chatsworth, Earl wa Devonshire. Sisi tulioishi miezi ya barakoa na vituo vya kunawia mikono tunayasoma masharti haya bila kuhitaji maelezo.

Simama mbele ya vibao, soma, lakini usikanyage bustani wala kuchungulia dirishani. Ndani kuna watu wanakunywa chai. Picha za nje zinaruhusiwa. Kupiga hodi kuomba kuona chumba alichofia mtu hakuruhusiwi, na wapo wageni wanaojaribu.

Kanisa la Mtakatifu Lawrence huwa wazi mchana na halina kiingilio. Weka sarafu kisandukuni. Uani kuna msalaba wa jiwe uliochongwa karne ya 8, mkubwa kuliko mtu, na karibu nao kaburi la Catherine, mke wa Mompesson, aliyekufa Agosti 1666 baada ya kukataa kuondoka na watoto wake waliokuwa wamekwisha kupelekwa mbali. Kisha zunguka ukuta wa kusini uinue macho juu ya mlango mdogo. Pale kuna saa ya jua ya mwaka 1775, na mistari yake inaonyesha si saa ya Eyam tu, bali pia mchana unapofika katika miji ya mbali, Maka na Yerusalemu ikiwemo. Wengi huilinganisha na simu zao na kudhani imeharibika. Haijaharibika. Inasoma jua halisi la mahali hapo, wakati saa za kiangazi za Uingereza zimesogezwa mbele kwa saa nzima. Tena Eyam iko magharibi ya Greenwich kwa zaidi kidogo ya nyuzi moja na nusu, yaani jua linachelewa karibu dakika saba. Kwa hiyo mwishoni mwa Agosti kivuli kikigusa saa sita kamili mchana, simu yako itakuwa inasoma saa saba na dakika saba hivi. Jaribu siku isiyo na mawingu.

Jumba la makumbusho la Eyam, lililofunguliwa 1994, lipo upande wa magharibi juu ya kijiji, mkabala na maegesho ya magari. Nenda huko baada ya kanisa, si kabla. Majina utakayoyakuta ndani yatakuwa yamekwisha kuwa na nyumba na makaburi kichwani mwako.

Ijumaa: mbao, udongo na petali

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwa bahati nzuri siku ya tatu inaangukia wakati ambapo kazi ipo. Vijiji vingi vya Derbyshire vina desturi ya kupamba visima na chemchemi kwa picha kubwa zilizotengenezwa kwa maua, kila kijiji kwa juma lake, kuanzia masika hadi Septemba. Zamu ya Eyam ni mwishoni mwa Agosti. Kama mlango wa banda wanamofanyia kazi uko wazi, bisha, uliza kama unaweza kutazama. Mara nyingi utaishia kupewa bakuli la petali na kipande cha mbingu cha kujaza.

Kazi huanza siku kadhaa kabla. Mbao zenye kingo zilizoinuka, kama sinia kubwa la mstatili, hugongomewa misumari mingi isiyozama hadi mwisho, vichwa vikibaki juu ili vishike udongo. Kisha mbao huzamishwa majini, bwawani au mtoni, kwa siku kadhaa. Hatua hii wanaoanza huiona ya kupoteza muda. Mbao kavu hunyonya maji ya udongo, udongo unasinyaa, unapasuka, na picha nzima huporomoka siku ya tatu.

Udongo wa mfinyanzi huloweshwa, hutiwa chumvi na kukanyagwa kwa miguu mpaka uwe laini kama unga wa chapati uliokandwa vizuri. Chumvi ndiyo inayoushikilia unyevu. Hupakwa unene wa sentimita mbili na nusu hivi, kwa kuutupa kwa nguvu ili usiache hewa kati yake na ubao, halafu husawazishwa. Mchoro uliochorwa kwenye karatasi ya ukubwa uleule hulazwa juu, na mistari yote hutobolewa kwa pini, tundu baada ya tundu. Karatasi ikitolewa, picha imebaki kwa vidoti juu ya udongo.

Vidoti hivyo hufuatwa kwa kitu cheusi na kigumu: koni ndogo za mti wa alder, pilipili manga, au punje za kahawa iliyokaangwa. Ndiyo, kahawa, na kuiona ikipangwa punje moja moja na bibi mwenye miwani ni jambo la kufurahisha kwa mtu wa Kagera au Kilimanjaro. Mistari ikikamilika, vitu visivyonyauka haraka hutangulia: magome, mbegu, sufu, majani magumu. Petali huja mwisho kwa sababu uhai wake ni mfupi. Haidrenja hutumika sana maana ua moja hutoa petali nyingi bapa za buluu na waridi.

Kuna kanuni moja ambayo hata mgeni husimamiwa nayo: anza chini, panda juu. Kila petali ilalie ile iliyo chini yake, kama vigae vya paa au makuti. Ukianza juu, mvua itaingia nyuma ya petali, itakusanyika kwenye udongo, na eneo lako litateleza likashuka lote. Bonyeza kwa ncha ya kidole, kidogo tu. Petali iliyozamishwa hugeuka kahawia usiku uleule. Vitu vya kiwandani, plastiki au rangi havitumiki.

Ubao uliokamilika ni mzito kwa sababu ya maji yaliyomo, na hubebwa na watu kadhaa. Ukishasimamishwa, viongozi wa dini huja kuubariki. Siku tatu au nne za kwanza ndizo za kuuona. Baada ya hapo buluu hufifia, ndege hudonoa mbegu, na nyufa huanza pembeni. Udongo huondolewa na kuhifadhiwa kwa mwaka unaofuata.

Visima navyo si mapambo tu. Eyam ina mabirika ya mawe yaliyowekwa kando ya barabara kugawa maji ya chemchemi, na wenyeji husema yalianza mwaka 1588. Upande wa kusini wa kijiji ni mwamba wa chokaa, unaomeza maji. Kaskazini ni mawe magumu ya mchanga, yanayoyazuia. Maji hutoka pale miamba hiyo miwili inapokutana, na ndipo kijiji kilipojengwa.

Jumamosi: kuta, mianya na Jiwe la Mpaka

Siku ya kutembea. Ramani ya karatasi ya Ordnance Survey, shirika la ramani la Uingereza, inayohitajika ni OL24, kipimo cha 1:25,000, ambapo sentimita nne ni kilomita moja, na kila ukuta wa shamba umechorwa. Simu ni ya akiba; pakua ramani nyumbani. Viatu vyenye soli ya meno, koti la mvua hata kama asubuhi ni nyeupe, na suruali ndefu. Suruali ndefu ni kwa ajili ya mambo mawili: kupe walio kwenye vichaka vya juu, na mmea wa majani ya msumeno unaowasha kama upupu, unaojaa kando ya kuta. Jioni jikague magotini na kiunoni. Kupe anavutwa kwa kibanio chembamba, karibu kabisa na ngozi, taratibu na bila kumzungusha ovyo.

Njia za umma hukatiza katikati ya mashamba ya watu, na sheria inakuruhusu kupita. Mshale wa njano ni njia ya waendao kwa miguu, wa buluu ni ya farasi na baiskeli pia. Ruhusa ni ya kupita kwenye njia, si ya kutanda shambani. Ukikuta ng'ombe wenye ndama, zunguka kwa mbali hata kama njia inapita katikati yao. Mbwa wako akifukuzwa, mwachie kamba, maana anayefukuzwa ni yeye na atawahi kuokoka. Geti ulilolikuta limefungwa lifunge, ulilolikuta wazi liache wazi: huenda mfugaji ameliacha ili mifugo ifikie maji.

Kuta zinazogawa mashamba zimejengwa bila saruji wala udongo. Ni kuta mbili zinazoegemeana, pana chini na nyembamba juu, katikati zimejazwa mawe madogo. Kila baada ya kimo fulani huwekwa jiwe refu linalopenya pande zote mbili kuzifunga, na juu kabisa mawe husimamishwa kwa ubavu kuzikandamiza. Anayepanda ukuta huangusha mawe hayo ya juu. Baada ya hapo maji huingia, mawe madogo ya ndani hushuka, tumbo la ukuta huvimba, na msimu mmoja au miwili baadaye mita tatu zimelala chini. Ndiyo maana njia zina sehemu zake za kuvukia: ngazi za mawe zilizotokeza ukutani, au mwanya mwembamba kati ya mawe mawili ambao mguu wa mtu unapita na tumbo la kondoo linakwama. Begi la mgongoni nalo hukwama. Livue, lipitishe juu.

Kutoka katikati ya kijiji, fuata barabara ya Lydgate ishuke mashariki-kusini mpaka igeuke kuwa njia ya miguu, uvuke mashamba kuelekea Stoney Middleton. Dakika 20 hadi 25, na Jiwe la Mpaka liko wazi nyasini. Lina matundu sita. Mwaka 1666 watu wa Eyam walitia sarafu humo, zikiwa zimelowekwa kwenye siki kwa imani kwamba siki inaua sumu ya ugonjwa, na watu wa upande wa pili wakaacha vyakula. Ukichuchumaa pale utaona bonde lote la Middleton: walioleta mkate waliweza kuuona moshi wa kijiji wasichoweza kuingia. Wageni wa leo huacha sarafu matunduni. Ziache.

Makaburi ya Riley yako upande mwingine, chini ya kilomita moja mashariki ya kijiji, ndani ya ukuta mdogo wa duara katikati ya malisho. Elizabeth Hancock alimzika hapa mumewe na watoto sita ndani ya siku nane za Agosti 1666, akichimba mwenyewe. Njia ya kufika inapanda na baada ya mvua huteleza. Ndani ya duara hilo watu huzungumza kwa sauti ya chini bila kuambiwa.

Mwenye nguvu aendelee kaskazini, zaidi ya kilomita moja ya kupanda, hadi Kisima cha Mompesson, mahali pengine pa kubadilishania sarafu na bidhaa, kisha atokee Eyam Moor. Mwishoni mwa Agosti uwanda huo wa juu unafunikwa na kichaka kifupi chenye maua ya zambarau, ekari kwa ekari, na kilele cha Sir William Hill kina mita 429. Ukungu ukishuka usikate njia kwa kukisia. Kaa kwenye njia, shika ukuta, ushuke nao. Namba ya dharura ni 999. Omba polisi, kisha useme unahitaji waokoaji wa milimani.

Jumapili: bondeni Cucklet

Jumapili ya mwisho ya Agosti ndiyo Jumapili ya Tauni. Watu hukusanyika na kwenda kwa maandamano hadi bonde la Cucklet, palepale ibada zilipohamishiwa 1666. Bonde ni mali ya mtu binafsi, kwa hiyo leo ni nafasi ya kuingia bila kuomba. Lina mteremko wa nyasi kama viti vya uwanja wa mpira na mwamba wenye matao upande wa pili. Chukua mkeka wa kukalia usiopitisha maji. Umande hautoki mpaka adhuhuri kivulini. Si lazima uwe Mkristo ili uhudhurie, na hakuna anayeuliza.

Jambo moja la kuangalia: familia hukaa makundi makundi, zikiacha nafasi kati yao. Pengine ni desturi tu ya Waingereza ya kutokaribiana. Lakini ukiwa umesoma masharti matatu, nafasi hizo za nyasi hazitakuwa tupu tena machoni pako.

Chakula cha mchana cha Jumapili, nyama ya kuoka na viazi na kile kikombe cha unga uliooka ukaumuka, huliwa kwenye baa ya kijiji, na meza huwekwa mapema. Ukifika saa nane bila kuweka, utaambiwa zimejaa. Unaagiza kaunta ukitaja namba ya meza, hupungiwi na mhudumu. Jiko hufungwa alasiri. Kwa asiyekula nyama yao, uliza mchuzi umetengenezwa na nini hata kwa sahani ya mboga, maana mara nyingi una mafuta ya nyama.

Chakula cha kweli cha hapa, kwa maoni yetu, ni mkate wa shayiri aina ya oti, na ukiuona utasema ni chapati ya maji. Changanya gramu 225 za unga laini wa oti, gramu 225 za unga wa ngano, kijiko cha chai cha chumvi na kijiko cha chai cha hamira kavu, kisha mililita 850 hivi za maji ya uvuguvugu yaliyochanganywa na maziwa. Funika saa moja, mpaka juu kuwe na mapovu. Kikaango kiwe cha moto kweli, mafuta ya kupangusa tu, mwaga upawa mmoja na kuzungusha. Ukitumia oti nzima za uji badala ya unga, itakatika ukiigeuza, saga kwanza. Kikaango kisipopata moto, itanata. Wenyeji hujaza jibini na nyama ya nguruwe, hivyo ukinunua iliyotengenezwa tayari taja mapema unachotaka. Kwa jibini na kitunguu inatosha kabisa.

Jumatatu: kuondoka

Jumatatu ya mwisho ya Agosti ni sikukuu ya taifa. Mabasi hufuata ratiba ya Jumapili au mengine hayaji kabisa. Soma mstari mdogo chini ya ratiba jana yake, si asubuhi hii. Kama ratiba haikupendezi, kutembea hadi kituo cha Grindleford ni kushuka zaidi kuliko kupanda, saa moja na nusu na mzigo mdogo, sehemu kubwa msituni.

Kabla ya kufunga nyumba: toa majivu kwenye jiko la kuni yakiwa baridi, ndani ya ndoo ya chuma, gawanya taka kwenye mapipa kwa rangi zilizoandikwa mlangoni, vuta ile kamba ya bafu izime. Sugua matope ya viatu nje, maana udongo wa chokaa ukikauka kwenye zulia jeupe hautoki kwa ufagio.

Kituoni Grindleford, jukwaa la kwenda Sheffield linatazama mdomo wa handaki la Totley, lililochimbwa hadi 1893, karibu kilomita 5.7. Mtandao wa simu unakatika treni ikiingia. Mtandao ukirudi, upande wa pili, ni mji.